Taa mbili, spika mbili, na swali nililolikimbia

Haya wajameni, nimerudi. Najua ukurasa huu umekaa karibu miezi miwili bila kitu kipya na wengine mmeshaanza kueneza kwamba nimedisko. Sijadisko, bado nipo nipo. Nilikuwa mkoani kwenye mafunzo ya ualimu kwa vitendo, shule moja ya bweni ambayo sitaitaja, mahali ambapo ukitaka mtandao unapanda kwenye kichuguu nyuma ya jiko na kunyoosha mkono juu kama mtu anayeomba mvua. Habari za kule, pamoja na ile ya mbuzi wa mkuu wa shule, nitazileta siku nyingine. Leo kuna jambo limenikaa kooni kama mwiba wa samaki, lazima nilitoe kwanza.

Wiki ya tatu nilipewa kidato cha sita, mada ya mwingiliano wa mawimbi ya mwanga. Nikafurahi. Hii naijua, nilijiambia. Mwaka wa pili niliipiga msuli mpaka desa likachakaa, nikatoka na B+ safi. Nikaingia darasani na desa lile lile. Nikachora mipasuo miwili, nikachora ukuta, nikaandika kanuni, nikawaambia kwa sauti ya mtu mzima kwamba wimbi likikutana na wimbi, kilele juu ya kilele, mwanga unazidi. Kilele juu ya bonde, mwanga unafutika. Nikamalizia kwa mbwembwe: mwanga ukijumlishwa na mwanga unaweza kuzaa giza!

Darasa kimya. Kisha binti mmoja wa nyuma akanyoosha mkono, akasimama kama wanavyosimama kule.

"Samahani mwalimu. Bwenini kwetu tuna taa mbili. Tukiwasha ya pili, chumba kinazidi kuwa na mwanga. Mbona hatujawahi kuona pahali penye giza katikati?"

Nikamjibu kutoka kwenye desa, neno kwa neno. Nikasema mwanga wa taa mbili tofauti hauingiliani, kwa sababu mwanga unahitaji koherensi, yaani mawimbi yatembee hatua moja. Sauti haihitaji, mwanga unahitaji, hiyo ni moja ya tofauti zao, andikeni. Wakaandika. Yeye hakuandika. Akauliza tena, kwa adabu ile ile, "Mwalimu, kwa nini sauti haihitaji?"

Nikamwambia hiyo haipo kwenye silabasi.

Jamani. Usiku ule sikulala vizuri. Kwanza sikuwa na hakika kama haipo kwenye silabasi. Pili, na hili ndilo lililoniuma, sikuwa na jibu hata kidogo. Miaka mitatu nasoma fizikia, bumu la serikali linaingia na kuliwa, na swali la taa mbili za bwenini limenishinda. Tatu nimekuja kuijua baadaye, nikiwa nimesharudi huku kampasi: kile nilichowaandikisha ni uongo. Siyo kwamba kimerahisishwa. Ni uongo kabisa, na kimo kwenye madesa ya watu wengi sana, na kitaendelea kuzaana kila mwaka wanapotoka walimu wapya kama mimi.

Niliujuaje? Haikuwa maktaba. Aliyenifundisha ni fundi wa muziki.

Jumamosi ile ya kuwakaribisha mwaka wa kwanza, tulikuwa uwanjani mapema kusaidia kubeba vyombo. Fundi akafunga spika mbili kubwa, moja kulia moja kushoto, akapiga wimbo wa kujaribia. Besi hakuna. Sauti za juu zipo, mwimbaji anasikika, lakini ule mgandamizo wa kifuani haupo, hasa ukisimama katikati. Mimi nikadhani spika zimekufa. Fundi hata hakuinua kichwa.

"Dogo, hebu angalia spika ya kushoto. Waya umegeuzwa huo."

Nikaangalia. Kweli, mwekundu umekaa kwenye tundu jeusi na mweusi kwenye jekundu. Nikabadilisha, na besi ikarudi kwa kishindo mpaka vumbi likaruka. Nikamuuliza, kaka, ilikuwaje? Akaniambia, "Hii inasukuma, ile inavuta. Zinauana."

Zinauana. Mwenzenu nilisimama pale na waya mkononi kama nimepigwa na shoti. Sauti jumlisha sauti, sawasawa na kimya. Mtu huyu hajawahi kuona desa langu, lakini anajua mwingiliano wa mawimbi kwa kifua chake. Besi ya hezi 50 ina wimbi lenye urefu wa karibu mita 7, kwa hiyo spika mbili zilizo mita chache tu zinafutana kwenye eneo kubwa mbele yake. Sauti nyembamba zina mawimbi mafupi, zinafutana hapa na kuongezana pale, sikio halishtuki. Ndiyo maana mwimbaji alibaki na besi ikaondoka.

Basi nikaazima. Kesho yake Jumapili asubuhi nilimwomba fundi spika mbili ndogo na kikuza sauti, nikambeba mwenzangu wa chumbani, ambaye anasoma uhasibu na alitaka kulala, tukaenda uwanja wa mpira. Nawaeleza tulichofanya hatua kwa hatua ili na wewe ufanye. Tuliweka spika mita 2 kutoka moja hadi nyingine, zote zinatazama upande mmoja. Nilishusha kwenye simu programu ya bure ya kutoa mlio mmoja, nikauweka hezi 680. Sauti hewani inakimbia karibu mita 340 kwa sekunde, joto likiwa kali inazidi kidogo, kwa hiyo urefu wa wimbi ni kama nusu mita. Mlio mmoja, kutoka simu moja, unaingia kwenye spika zote mbili. Kisha tukaenda mita 10 mbele, tukaanza kutembea pole pole kutoka kushoto kwenda kulia, sikio moja tumeliziba kwa kidole.

Ziba sikio moja, tafadhali. Masikio yako yako pahali pawili, moja likiwa kwenye kimya lingine limeanza kupata kelele, ubongo unachanganya. Na ufanye nje. Ndani ya ukumbi kuta zinarudisha sauti na kila kitu kinakuwa vurugu.

Katikati, mbali sawa na spika zote, mlio ulikuwa mkali. Nikachukua hatua moja na kitu, ukafifia. Haukufa kabisa, maana ardhi nayo inarudisha sauti, lakini ulishuka kama mtu amefunika spika kwa godoro. Hatua nyingine moja na kitu, ukarudi. Kutoka kelele hadi kelele ilikuwa takriban mita 2 na nusu, na ndicho hasa kinachotoka kwenye kanuni ile ile niliyoiandika ubaoni: urefu wa wimbi, zidisha kwa umbali wako, gawanya kwa nafasi iliyo kati ya spika. Nusu mita mara 10 gawanya kwa 2. Mhasibu akapiga hesabu hiyo kichwani kabla yangu, akaacha kulalamika kuhusu usingizi.

Kisha tukageuza waya wa spika moja, kama kosa la jana. Palipokuwa na kelele pakawa kimya, palipokuwa kimya pakawa na kelele. Ubao mzima umegeuka, na sisi hatujasogea.

Sasa ndiyo nikakumbuka binti wa nyuma. Nikasema ngoja tufanye taa mbili kwa kutumia sauti. Nikatoa ule mpango wa simu moja. Simu yangu ikalisha spika ya kulia, simu ya mhasibu spika ya kushoto. Yangu hezi 680, yake 681. Nikasimama pahali pamoja, sitembei. Mlio ukawa unavimba na kunywea, unavimba na kunywea, mara moja kila sekunde. Wapiga gitaa mnaijua hii, ndiyo mnayoisikiliza mnapokaza nyuzi mbili zifanane. Lakini hebu uione kwa jicho la ramani: pale uwanjani mistari ya kelele na kimya ilikuwepo kama mwanzo, ila sasa ilikuwa inatembea. Ilinipita mimi niliyesimama. Tukaweka 690. Ikanipita mara kumi kwa sekunde, sasa sisikii tena kuvimba na kunywea, nasikia mlio unaokwaruza. Mwisho tukafungulia redio, mimi kituo hiki, yeye kituo kile. Mistari ikaondoka kabisa. Ukitembea huku, ukitembea kule, kelele za redio mbili tu, zimejaa kila mahali sawasawa.

Hapo nikakaa chini kwenye nyasi.

Maana zile redio mbili ndizo taa mbili za bwenini. Nilikuwa nimefundisha kwamba sauti haihitaji koherensi. Inahitaji! Inahitaji sawasawa na mwanga. Tulichokuwa tunasahau siku zote ni kwamba spika mbili za maabara zinalishwa na mlio mmoja, yaani tumeshazifunga hatua moja kwa waya bila kutambua, halafu tunajigamba kwamba sauti haina masharti. Zitenganishe uone. Sheria ni moja kwa wote wawili. Kinachowatofautisha hapa ni kasi na sikio na jicho.

Pima mwenyewe. Mlio wetu ulitetema mara 680 kwa sekunde. Mwanga mwekundu wenye urefu wa wimbi wa nanomita 650 unatetema karibu mara trilioni 460 kwa sekunde. Na taa ya kawaida siyo mlio mmoja. Ni umati wa atomi, kila moja inatoa kipande chake kifupi cha wimbi bila kumuuliza jirani, wa kwanza anaanza na kilele, wa pili na bonde. Mistari ya mwanga na giza ipo pale bwenini, ipo kweli, lakini inabadilika mara nyingi mno ndani ya milioni moja ya sekunde, na jicho lako linakusanya mwanga kwa sehemu kama za mia za sekunde ndipo likupe picha. Linachoona ni wastani. Wastani wa giza na mwanga mara mbilimbili ni mwanga wa taa mbili. Ndiyo maana chumba kinang'aa zaidi.

Kwa hiyo jibu la yule binti lilikuwa: giza lipo, dada, ila linakimbia kuliko jicho. Sentensi moja hiyo. Nilishindwa kuisema kwa sababu sikuwahi kutembea ndani ya wimbi.

Usidhani najitungia. Mwaka 1955 Wamarekani watatu, Forrester na wenzake, walinasa kule kuvimba na kunywea, lakini kwa mwanga, wakitumia rangi mbili zilizokaribiana mno za taa ya zebaki. Leza ikaja mwaka 1960, na mwaka 1963 Magyar na Mandel wakachukua leza mbili tofauti kabisa, kila moja na lwake, wakapiga picha kwa muda mfupi mno, na michirizi ikaonekana. Mwanga wa vyanzo viwili tofauti. Ule ambao desa langu linasema hauingiliani.

Sasa nije kwenye maoni yangu, maana nimeahidi maoni. Nasema hivi: mwingiliano wa mwanga usifundishwe kabla mwanafunzi hajatembea kwenye mwingiliano wa sauti. Na wala siyo sauti ya kuchora ubaoni. Atoke nje aende uwanjani, azibe sikio. Sisi tunafanya kinyume. Sauti tunaipitia harakaharaka kama kitu cha watoto, kisha tunamrukia mwanga kwa kanuni, na mwishoni tunaweka jedwali la tofauti kati ya sauti na mwanga ambalo nusu yake hakuna aliyewahi kulijaribu.

Hata huyo mwenyewe tunayemtaja kila mtihani alipita kwenye sauti. Thomas Young alikuwa daktari wa binadamu, Mwingereza, na tasnifu yake ya udaktari kule Göttingen mwaka 1796 iligusa sauti ya binadamu. Mwaka 1800 aliandika makala ndefu juu ya sauti na mwanga kwa pamoja. Alikuwa anafikiria milio miwili inayokaribiana inavyovimba na kunywea, ndipo akajiuliza kama mwanga nao hauko hivyo. Tena alishikilia mfano wa maji: Newton alikuwa ameshaeleza kwa nini kwenye bandari moja ya Ghuba ya Tonkin kuna siku maji hayapwi wala hayajai. Bamvua linaingia kwa njia mbili, moja limechelewa saa sita nyuma ya jingine, maji kujaa ya huku yanakutana na maji kupwa ya kule, bahari inatulia. Mvuvi wa pwani angeelewa hiyo kabla hujamaliza kueleza. Na mwaka 1803 Young alionyesha jaribio ambalo halikuwa na mipasuo miwili kabisa: mwali mwembamba wa jua kupitia tundu la dirishani, na kipande cha kadi chembamba, chini ya milimita moja, kimewekwa kuukata mwali katikati. Ndani ya kivuli cha kadi kukawa na michirizi. Akaziba upande mmoja wa kadi, michirizi ikatoweka, ingawa upande wa pili mwanga unaendelea kupita. Yaani aliondoa mwanga, na sehemu zilizokuwa giza zikapata mwanga. Kwa hayo yote alitukanwa vizuri tu kwenye jarida la Edinburgh Review na Henry Brougham, ambaye hakutaka kusikia chochote kinachomgusa Newton. Watu wa madesa walikuwepo tangu zamani.

Jaribio hilo unaweza kulifanya leo usiku. Kitochi cha leza chekundu, vile vya kuchezea, na unywele mmoja. Usimulike macho ya mtu, wala yako. Bandika unywele mbele ya tundu la kitochi, mulika ukuta ulio mita 3. Unywele wangu ulinipa michirizi iliyoachana karibu sentimita 3, hesabu inayolingana na unywele wa unene wa sehemu 7 za mia za milimita. Kanuni ni ile ile ya uwanja wa mpira. Spika zilitupa mita 2 na nusu, unywele sentimita 3, ingawa wimbi la mlio wetu ni refu kuliko la leza kwa zaidi ya mara laki saba.

Na mwingiliano wa mwanga wa jua lenyewe, bila leza, mnaukanyaga kila siku mvua ikinyesha. Zile rangi kwenye dimbwi pale stendi ya daladala, mafuta yaliyodondoka juu ya maji. Mwanga unaorudi kutoka juu ya mafuta unakutana na uliorudi kutoka chini yake. Hao ni mwanga mmoja uliogawanyika, kwa hiyo wanatembea hatua moja, kama spika mbili za simu moja. Ndiyo siri ya majaribio yote haya: humletei mwanga mgeni, unampasua yeye mwenyewe kisha unamkutanisha naye.

Kuna lingine dogo, la lugha. Sekondari tunafundisha fizikia kwa Kiingereza, mwanafunzi anakariri neno, akirudi kwenye Kiswahili chake anapata kuingiliana, na mtu akikuingilia maana yake amekuharibia. Lakini mawimbi hayaharibiani. Kaeni wanne mezani kantini, wewe uongee na wa mkabala kushoto, mwenzako na wa mkabala kulia, sauti zenu zikatizane katikati juu ya sahani. Kila mmoja anasikia alichoambiwa. Mawimbi hupishana kama watu koridoni, wanajumlishana pale wanapokutana tu, kisha kila mmoja anakwenda zake kama hajamwona mwenzake. Mimi naona kupishana lingekuwa neno la kuanzia, halafu mwingiliano lije baadaye.

Mhasibu wangu ana pingamizi, na ni haki niliweke. Anasema, "Sawa bwana, mmecheza uwanjani, lakini darasa lina watoto themanini na mtihani wa taifa hauulizi umetembea hatua ngapi." Kweli hauulizi. Ila sisi tulitumia kama dakika 40, ambazo ni kipindi kimoja, na spika shule nyingi zinazo za mahafali na za kanisani au msikitini. Kisingizio cha kukosa maabara nimekitumia na mimi, kinanukia uvivu. Kwenye themanini ananishinda. Sijui ungewapangaje themanini wote mstarini bila vurugu. Labda kwa mafungu.

Pingamizi la pili ni langu mwenyewe na ni zito zaidi. Mfano wa sauti una mahali unapoishia, na waliousukuma kupita hapo walianguka. Sauti inahitaji hewa, wakasema basi mwanga nao una kitu chake cha kusafiria, wakakiita etha, wakakitafuta miaka na miaka. Mwaka 1887 Michelson na Morley waligawanya mwanga, wakaukutanisha, wakakodolea macho michirizi wakitegemea isogee kadiri dunia inavyokata huo etha. Mabadiliko waliyoyatarajia hayakuonekana. Pia mtetemo wa sauti hewani unakwenda mbele na nyuma, njia ile ile unayosafiri, wakati mwanga unatetema kukata njia yake. Fresnel na Arago walikuta kwamba ukiuchuja mwanga mmoja utetemeke wima na mwingine ulale, hautoi michirizi hata kama wametoka chanzo kimoja. Hiyo kwa spika zangu haiwezekani. Na kuna lile la G. I. Taylor mwaka 1909, aliyepunguza mwanga mpaka ukawa hafifu mno, akaacha bamba la picha kwa miezi kadhaa kwenye kivuli cha sindano, na michirizi ikajichora vile vile. Leo tunajua mwanga unafika punje moja moja, na punje moja moja zinaijenga michirizi. Mbele ya hilo spika zangu hazina la kusema, na mimi pia bado nakuna kichwa.

Lakini hizo ndizo tofauti za kweli, na uzuri wake unauona ukishajua wanapofanana. Jedwali letu limeacha hizi likaweka ya uongo. Hata zile spika za masikioni zinazozima kelele za ndege, wazo ambalo Mjerumani Paul Lueg alilipatia hataza Marekani mwaka 1936, zinawezekana kwa sababu sauti inatetema pole pole kiasi kwamba kifaa kinawahi kuisikiliza na kutoa kinyume chake. Kwa mwanga wa taa hakuna kifaa cha kuwahi trilioni 460. Kwa mwanga unapaka tabaka jembamba kwenye kioo cha miwani ili mwanga unaorudi ujifute wenyewe.

Nimemwandikia yule binti. Barua ya karatasi, kupitia kwa mwalimu wao wa fizikia, mzee mmoja mpole ambaye alikuwa akinipigia chai ya tangawizi. Nilianza na samahani, nikaeleza redio mbili na taa mbili, nikachora uwanja. Wiki iliyopita mwalimu amenipigia simu kutoka kwenye kichuguu. Wamefanya, kwa spika za mstarini asubuhi, na mkuu wa shule amelalamika kuhusu mlio. Binti ameuliza jingine: pale palipokuwa kimya, nguvu ya sauti imekwenda wapi?

Nikamwambia mzee, hilo nalijua, subiri. Wimbi mara mbili linabeba nguvu mara nne. Kwenye kelele ni nne, kwenye kimya sifuri, ukigawanya sawa ni mbili, yaani spika mbili. Haijapotea, imehamia kwa jirani. Za fundi zenye waya uliogeuzwa ni habari nyingine kidogo: zikiwa karibu kuliko urefu wa wimbi, moja inasukuma hewa na ya pili inaivuta, hewa inabaki kuhangaika hapo hapo na spika zinashindwa kupeleka nguvu mbali. Mzee akasema andika, simu inakatika.

Nimeshaandika, naituma kesho. Jumamosi hii saa mbili asubuhi nitakuwa tena uwanjani na spika, mwaka wa kwanza wa fizikia mkaribie, na wa uhasibu pia. Sasa ngoja nikimbilie kantini kabla wali maharage haujaisha.